Nimepeleka malalamiko Barazani, sasa mawakili wawili wananitafuta. Nimjibu nani, na vipi?

Mheshimiwa Wakili, salaam kutoka Mbeya.

Mimi ni muuguzi, inchaji wa wodi ya upasuaji katika hospitali binafsi hapa mjini. Nilipeleka malalamiko ya maandishi kwa Msajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania dhidi ya muuguzi mwenzangu wa wodi hiyohiyo. Tangu hapo natafutwa na mawakili wawili, na hakuna hata mmoja aliye wangu. Naomba unionyeshe mipaka yangu iko wapi.

Nianze na malalamiko yenyewe, maana bila hayo barua zao hazieleweki. Ampuli (kichupa cha sindano) ya pethidini, dawa kali ya maumivu inayoweza kuleta uraibu, tunayotumia ina miligramu 100 katika mililita 2. Daktari akiandika miligramu 50, nusu inabaki, na nusu hiyo hairudi kabatini. Inamwagwa mbele ya muuguzi wa pili, na wote wawili wanasaini rejesta ya DDA, yaani daftari la dawa zinazodhibitiwa kisheria, palepale na kuandika saa. Kwenye rejesta yetu kuna mistari ambayo saini ya shahidi ni ya mtu ambaye, kwa ratiba ya zamu, hakuwa kazini usiku huo. Kuna mingine inayoonyesha mgonjwa kachomwa sindano saa nane usiku, lakini karatasi yake ya dawa haina kitu saa hiyo, na ripoti ya zamu inasema alilala vizuri bila maumivu.

Hayo ndiyo niliyoandika. Sikusema mwenzangu ni mwizi, wala kwamba anajidunga. Niliandika tarehe, saa, mstari wa rejesta na kile kisicholingana nao, nikaomba Baraza lichunguze. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa akiandikiwa dawa asiyoipata, anayeumia ni yeye, na hilo ndilo lililonipeleka kwa Msajili.

Wakili wa kwanza anamwakilisha mwenzangu. Alianza kwa simu, akaniita Sista, akaomba tukutane mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, tuyamalize kiutu uzima. Nilimwomba aniandikie, ataje jina lake kamili, anamwakilisha nani na kwa suala gani. Ikaja notisi ya siku 14 yenye muhuri: niondoe malalamiko na niombe radhi kwa maandishi, la sivyo atanifungulia kesi ya kashfa. Ndani yake amenukuu aya nzima ya barua yangu. Hilo halikunishtua, kwa sababu mlalamikiwa ana haki ya kujua anatuhumiwa nini ili ajitetee.

Nimelitafuta jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, nimelikuta, na ana ruhusa ya kufanya kazi. Wasomaji wengine wafanye hivyo kabla ya jambo lolote. Vishoka wapo, na muhuri mtu anaweza kuuchongesha popote.

Ninaloliogopa zaidi ni maelezo ya mdomo. Mtu akipigiwa simu na wakili kwa sauti ya upole, hujieleza. Anasema "niliona" mahali ambapo kwenye barua aliandika "rejesta inaonyesha". Anataja saa tisa badala ya saa nane. Hapo ametoa ushahidi wa pili, na siku ya kikao cha Baraza ataulizwa upi kati ya huo na ule wa barua ndio wa kweli. Kwa hiyo sijazungumzia mistari ya rejesta na wakili huyo hata mara moja. Kila simu naiandika kwenye daftari, namba, saa na kilichosemwa. Ujumbe wa WhatsApp naupiga skrinshoti inayoonyesha namba yake na tarehe, na bahasha ya notisi nimeitunza pamoja na barua.

Hatari nyingine ni kundi la WhatsApp la wodi. Malalamiko yaliyopelekwa kwa nia njema kwenye chombo chenye mamlaka juu ya anayelalamikiwa yana kinga, na kinachoivunja kinga hiyo ni nia mbaya. Maneno yaleyale nikiyatupia kundini, watu wakaanza kuyasambaza, kinga hiyo nitaidai vipi? Wenzangu wananishinikiza "niwaeleze upande wangu". Nimekataa, na wengine wamenuna.

Notisi nayo siichanganyi na samansi. Notisi ni sauti ya wakili na mteja wake. Samansi ya mahakama ni amri, na nikipokea hati ya madai nina siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, nikilala kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Wito wa Baraza nao nitauitikia bila kusita.

Jibu nililoandaa ni hili, naomba ulikague neno kwa neno:

"Nimepokea barua yako ya tarehe iliyotajwa hapo juu. Suala unalolizungumzia liko mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na maelezo yangu nitayatoa huko nitakapotakiwa. Naomba mawasiliano yoyote yawe kwa maandishi kupitia anwani hii. Barua hii si kukiri wala kukana jambo lolote lililomo katika barua yako."

Je, sentensi ya mwisho inanisaidia au inanifanya nionekane nina la kuficha? Je, nimpelekee Msajili nakala ya notisi na ya jibu langu? Na wakili kunitaka niondoe malalamiko ili nisishtakiwe, je, ni madai ya kawaida ya mteja wake, au ni kuingilia shahidi, jambo ambalo Baraza au Kamati ya Mawakili inapaswa kulijua?

Wakili wa pili ndiye ananinyima usingizi zaidi. Ni wa hospitali. Kila mtu ofisini anamwita "wakili wetu", na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kwamba mteja wake ni mwajiri. Ameniletea maelezo yaliyokwisha kuchapwa, yanayosema kasoro za rejesta ni "makosa ya uandishi yatokanayo na wingi wa kazi", akaonyesha pa kusaini. Maneno hayo si yangu na hayalingani na niliyoandika Barazani. Nimeomba nakala na muda wa kuyasoma na wakili wangu. Sijapewa nakala. Nimeambiwa tu kwamba mfanyakazi anapaswa kushirikiana na mwajiri wake.

Ni kweli napaswa kushirikiana na uchunguzi wa ndani. Je, nikijitolea kuandika maelezo yangu mwenyewe, kwa mkono wangu, yakirudia yaleyale ya barua ya Barazani na nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, nitakuwa nimetimiza wajibu huo bila kuonekana nimekaidi amri halali? Wakiniachisha kazi, najua nina siku 30 za kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa fomu CMA F.1, lakini ningependa tusifike huko.

Kuna na suala la nakala za rejesta. Nilipozipeleka nilifunika majina ya wagonjwa, nikaacha namba ya faili, dawa, dozi, saa na saini. Rejesta yenyewe haijatoka hospitalini. Wakili wa mwenzangu anadai nimevujisha siri za wagonjwa, na anataja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Je, namba ya faili peke yake inahesabika kuwa taarifa ya mgonjwa hata kama mpokeaji ni Baraza? Na Baraza linahesabika kuwa mamlaka husika chini ya Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015? Kuhusu rejesta, nimemwandikia Metroni kuomba ifungiwe na kurasa zake zihesabiwe mbele ya watu wawili, maana ukurasa ukichanika leo hakuna wa kuurudisha.

Mwisho, wazee wa mwenzangu kutoka Tukuyu wametuma salamu kwamba wanataka kuja kuongea na familia yangu. Siwezi kuwafungia mlango wazee, na sitaki. Naomba unieleze niwapokee vipi, niseme nini kuhusu suala lililoko Barazani, na kama kauli yoyote nitakayotoa sebuleni, hata "poleni kwa usumbufu", inaweza kuletwa baadaye kama radhi.

Notisi inaisha wiki ijayo. Jibu la swali la nakala kwa Msajili ndilo la haraka kuliko yote, ili nizitume pamoja kwa EMS ya Posta.

Ni mimi,
Muuguzi, Mbeya