Usikh haupingani na haki za wanawake

Ndugu Mhariri,

Wapo wanaodai kwamba mwanamke wa Kisingasinga (Sikh) hawezi kupigania usawa bila kuasi dini yake. Sikubali hata kidogo. Guru Nanak, mwanzilishi wa imani hiyo, aliuliza katika beti zake: kwa nini mwanamke aitwe duni, ilhali ndiye azaaye wafalme? Guru Amar Das, kiongozi wa tatu wa imani hiyo, alipinga wajane kuchomwa pamoja na maiti za waume zao. Mwaka 1705 mwanamke wa Kisingasinga, Mai Bhago, alishika silaha vitani Muktsar, Punjab.

Kinachowazuia wanawake ni desturi za wasimamizi. Katika Hekalu la Dhahabu, mahali patakatifu zaidi pa Masingasinga, mjini Amritsar, India, wanawake wamenyimwa nafasi ya kuimba kirtan, yaani nyimbo za ibada, ndani ya patakatifu, na mnamo Novemba 2019 Bunge la jimbo la Punjab lilipitisha azimio la kutaka waruhusiwe. Wanapika langar, yaani chakula cha bure cha hekaluni, wanaosha vyombo vya maelfu ya wageni, lakini beti za Guru Nanak huyohuyo aliyewatetea hawaziimbi pale! Kwangu mimi, huko ndiko kuasi dini. Kamati ya hekalu iwape nafasi hiyo sasa, bila kungoja azimio jingine.

Msomaji wako,
Nairobi