Kijana wa miaka 13 asiachiwe tamthilia za mauaji

Mhariri,

Nimesoma katika safu hii barua ya mzazi mwenzangu anayeshauri kwamba mtoto akishamaliza darasa la saba na kuingia sekondari aachwe achague mwenyewe atazame nini kwenye televisheni, zikiwemo tamthilia za watu wazima zenye mauaji na mateso, kwa kuwa kumkataza, kwa maoni yake, ni kumfukuzia kwenye vibanda vya video. Namshukuru kwa kulileta jambo hili mbele ya wasomaji, maana wengi wetu hulinung'unikia jikoni tu. Hata hivyo sikubaliani naye, na ningependa kueleza kwa nini, nikiwa mwalimu mstaafu na mlezi wa watoto wa ndugu zangu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Filamu ya mapigano ya saa moja na nusu, ambayo adui hujulikana tangu mwanzo na kushindwa mwishoni, ni jambo moja; watoto wetu wamezitazama filamu za aina hiyo tangu enzi za kanda za video, na sidhani kwamba zote ziliwaharibu. Tamthilia ya watu wazima ni jambo jingine kabisa. Ikiwa na misimu mitano ya sehemu kumi kumi, humweka mtazamaji pamoja na mhusika yule yule kwa saa 40 au 50, na siku hizi mhusika huyo, ambaye vijana humwita steringi, mara nyingi ndiye muuaji mwenyewe: mkuu wa genge, mlanguzi wa dawa za kulevya, askari aliyeiacha njia. Mtazamaji humjua mke wake, madeni yake na wasiwasi wake juu ya wanawe. Kufikia msimu wa pili humwombea afanikiwe, na kufanikiwa kwake ni kuua bila kukamatwa. Mtu mzima aliyeona mengi anaweza kumhurumia mtu huyo na papo hapo akaichukia kazi yake. Mtoto wa miaka 13 bado anajifunza kuyatenganisha hayo mawili, na mimi siafiki kwamba somo hilo apewe na watu ambao nia yao kuu ni kumfanya asizime televisheni.

Likizo ya mwisho wa mwaka uliopita mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha kwanza, alikaa kwangu. Rafiki yake wa bweni alikuwa amempa tamthilia ya namna hiyo kwenye flashi, nami niliketi naye sebuleni ili nione anachokitazama. Katika sehemu ya pili mtu alifungwa kitini ndani ya gereji, akavunjwa vidole kimoja baada ya kingine huku akilia na kutaja majina ya wanawe. Mimi niligeuza uso. Kijana hakugeuza; aliendelea kumenya karanga zake, na macho yake hayakuwa kwa yule aliyekuwa akilia bali kwa steringi aliyesimama mlangoni akitazama saa yake. Nilipomuuliza anamwonaje yule mtu kitini, alinijibu kwa upole na heshima yake ya kila siku: "Mama mkubwa, huyo alistahili. Alimsaliti." Kisha akanieleza hatua kwa hatua jinsi usaliti ulivyotokea tangu sehemu ya kwanza, na maelezo yake yalikuwa na mpangilio mzuri kuliko insha nyingi nilizopata kusahihisha.

Naomba nieleweke. Kijana huyu si mkorofi. Hapigani na wenzake, huchota maji bila kutumwa, na mdogo wake akianguka yeye ndiye wa kwanza kumwinua. Sina hofu kwamba kesho atamfunga mtu kitini. Kilichonisumbua ni kwamba uamuzi wa nani anastahili kuumizwa ulikuwa umeshafanywa na mtunzi wa tamthilia, naye aliupokea bila swali, akautetea mbele yangu kana kwamba ni wake. Katika umri ambao mtoto anajitafutia kipimo chake cha haki, saa 50 za kipimo cha namna hiyo ni nyingi mno.

Wataalamu wamelichunguza suala hili kwa miaka mingi. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa, na watoto walioona hayo wakamwiga zaidi kuliko wenzao ambao hawakuona. Hao walikuwa watoto wa chekechea, kwa hiyo jaribio hilo peke yake halituambii mengi kuhusu mwanafunzi wa sekondari. Linalonigusa zaidi ni utafiti wa Rowell Huesmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliochapishwa mwaka 2003, ambao uliwarudia watu waliochunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1970, walipokuwa watoto wa miaka 6 hadi 10, na kuwatazama tena takriban miaka 15 baadaye. Waliotazama ukatili mwingi utotoni walielekea kuwa wagomvi zaidi ukubwani. Lakini halikuwa suala la wingi wa kutazama tu: kujifananisha na mhusika mkatili, na kuamini kwamba yanayoonyeshwa ndivyo maisha yalivyo, navyo viliashiria ugomvi wa baadaye. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kutabiri maisha ya mtoto mmoja, na waliochunguzwa walikuwa wadogo kuliko kijana wetu wa miaka 13. Hata hivyo, mtoto anayemwona aliyevunjwa vidole kuwa amestahili amekwisha kujiweka upande wa aliyevunja, na hilo ndilo ningetaka mwandishi wa barua ile alifikirie kabla ya kukabidhi rimoti.

Hoja nyingine ambayo nimeisikia mara nyingi hapa kwetu ni kwamba watoto wa mkoa wetu huu wa West Nile wamekwisha kuona makubwa kuliko ya kwenye skrini, basi ya nini kuwaficha. Mimi ni mmoja wa watoto waliovuka mpaka wa nchi mwaka 1980 wakati majeshi yalipoingia, wengine wetu wakakimbilia Zaire na wengine Sudan. Niliyoyaona njiani sitayaandika hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyetutaka tumpende aliyeyatenda. Wazee walituziba macho walipowahi, na walipochelewa walikaa nasi, wakalia nasi, wakawataja waliokufa kwa majina yao. Leo madarasa ya Arua, Yumbe na Adjumani yana watoto waliokimbia vita vya Sudan Kusini. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi peke yake, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yamepokea maelfu kwa maelfu ya watoto hao. Mtoto wa namna hiyo anapoketi kwa jirani jioni na bunduki zikalia kwenye televisheni, kwake hayo si maigizo matupu. Kama ameona, basi tunapaswa kumtahadharishia zaidi, na kumwachia kila kitu kwa sababu "amezoea" ni kumwongezea jeraha.

Kuna na jambo ambalo ni letu wenyewe Uganda, nalo ni watafsiri wa filamu tunaowaita VJ. Nawaheshimu kwa ufundi wao, kwa sababu wamewafungulia sinema watu wengi wasiojua Kiingereza, na wako wenye kipaji kikubwa cha lugha. Lakini sikiliza kwa makini kinachotokea mtu anaponyongwa kwenye filamu iliyotafsiriwa: VJ hutia mzaha, humpa anayekufa jina la mtaani, humfanya aombe deni lake kwa sauti ya kuchekesha, na ukumbi mzima huangua kicheko. Mama aliye jikoni akisikia kicheko cha watoto hudhani kwamba wanatazama vichekesho. Isitoshe, filamu au tamthilia ikishatafsiriwa na kunakiliwa kwenye flashi, ile alama ya umri iliyowekwa na watengenezaji aghalabu hupotea. Kinachobaki ni jina la filamu na jina la VJ. Mzazi hana pa kuanzia ila kuketi na kutazama mwenyewe.

Kwenye ving'amuzi vya kulipia hali ni nafuu kidogo. Pembeni mwa skrini huandikwa 13, 16 au 18, pamoja na herufi V inayoashiria ukatili, na kuna nambari ya siri ya kuzuia vipindi vya umri fulani. Mzazi na aitumie. Katika nyumba kadhaa ninazozifahamu nambari hiyo iliwekwa na mtoto mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeombwa kuunganisha king'amuzi siku kilipoletwa, na baba wala mama hawaijui hadi leo. Tangu mkoa wetu uunganishwe kwenye gridi ya taifa televisheni huweza kuwaka hadi usiku wa manane, na saa zile ambazo zamani giza lilikuwa likituamulia, sasa tunapaswa kuamua wenyewe.

Tena, mjadala huu mara nyingi huendeshwa kana kwamba kila mtoto ana chumba chake na skrini yake. Sebule zetu hazipo hivyo. Televisheni ni moja, na mbele yake yupo bibi, wapo binamu waliokuja likizo, yupo msichana wa kazi ambaye naye pengine ana miaka 16, na kwenye mkeka yupo wa miaka mitano. Ukimruhusu wa miaka 13 umewaruhusu wote. Kwa hiyo kwangu swali la kwanza halihusu ukomavu wa kijana huyu mmoja. Nauliza nani mdogo kuliko wote aliyeketi hapa, na uamuzi unamfuata yeye.

Mimi nimeamua hivi: tamthilia yenye alama ya 18 haiwashwi kwa mtoto wa kidato cha kwanza wala cha pili, awe peke yake au pamoja nami, hata kama bweni zima limeitazama. Yenye alama ya 16 huweza kuruhusiwa iwapo mtu mzima ametazama kwanza sehemu mbili tatu, akaona kama wanaouawa wana watu wa kuwalilia au huanguka tu kama magunia, kisha akakaa na mtoto hadi mwisho. Nilipomweleza mwanangu yule kwamba flashi itarudi kwa mwenyewe, alinuna, nami nikamwacha anune. Baadaye tulitazama pamoja filamu ya vita, yenye risasi na maiti, ambayo nilikuwa nimeiona kabla. Ndani yake askari mmoja anamwandikia barua mama wa mwenzake aliyekufa. Aliniuliza kama mama yule alijua kusoma. Tulizungumza hadi chai ikapoa. Sikatai ukatili wote. Nakataa ule unaomfundisha mtoto kutomsikia anayelia.

Nabaki na hofu ya mwandishi kuhusu vibanda vya video, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kugeuza sebule kuwa kibanda. Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 inawataka watangazaji wasirushe vipindi vinavyokuza utamaduni wa vurugu, hasa miongoni mwa watoto na vijana, na vipindi vya watu wazima vipangiwe muda unaofaa. Kituo cha televisheni kinaweza kuulizwa na Tume ya Mawasiliano. Kibanda cha mabati kilicho nyuma ya soko hakiulizwi na mtu, na ndiko watoto wenye sare za shule huingia saa nane mchana, wakati walimu wao wanadhani wako njiani kurudi nyumbani. Walio karibu zaidi na vibanda hivyo ni wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Wao wanawajua wamiliki kwa majina, na wanaweza kukubaliana nao kwamba mwenye sare haingii, kwamba filamu za watu wazima zisianze kabla ya usiku, na kwamba ubao wa nje unaotaja filamu za siku utaje na umri. Katika mtaa wangu nimekwisha kumpelekea mwenyekiti ombi hilo kwa maandishi, likiwa na saini za majirani, na nawasihi wazazi wa Koboko, Nebbi na kwingineko wapeleke lao kabla shule hazijafungwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Arua, Uganda