Swali Likigoma, Angalia Sharti Ulilojiwekea

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini swali la hesabu linakushinda usiku kucha, halafu jibu linakujia ghafla asubuhi unapiga mswaki. Jambo hili watafiti wamelipima kwa miaka mingi, na ukilielewa utajua la kufanya siku ukikwama.

Chukua kalamu. Una vyombo vitatu visivyo na alama: A kinajaa kwa vikombe 21, B kwa 127, C kwa 3. Pima vikombe 100. Unajaza B, kisha unamimina kutoka humo kujaza A mara moja na C mara mbili: 127 − 21 − 3 − 3. Mwaka 1942 mwanasaikolojia Abraham Luchins alieleza majaribio ambamo watu walipewa maswali kadhaa mfululizo ya njia hiyohiyo. Likafuata hili: 23, 49 na 3, pata 20. Wengi waliendelea na 49 − 23 − 3 − 3. Ni sahihi, ila 23 − 3 ingetosha. Kisha likaja la 28, 76 na 3, pata 25. Hapo njia waliyoizoea inatoa 42, na wapo walioshindwa kabisa, ilhali jibu ni 28 − 3. Waliokutana na swali hilo bila mazoezi ya awali hawakupata shida kama yao.

Kwa hiyo usijiite mjinga ukikwama. Mara nyingi umejiwekea sharti ambalo swali halikulitaja, na ukikaza zaidi unazidi kulikaza sharti lenyewe. Panga njiti za kiberiti, III ikiwa ni tatu kwa Kirumi: III = III + III. Geuza njiti moja tu, hesabu iwe kweli. Wengi huhangaika na njiti za namba, kwa sababu darasani alama ya kujumlisha haiguswi. Ukiilaza ile njiti iliyosimama kwenye +, inakuwa =, unapata III = III = III.

Watafiti Janet Metcalfe na David Wiebe, mwaka 1987, waliwataka watu waseme kila sekunde 15 wanajihisi wako karibu kiasi gani na jibu. Kwenye aljebra hisia hiyo ilipanda taratibu. Kwenye maswali ya aina ya njiti ilikaa palepale, karibu hadi jibu lilipojitokeza. Naomba ulishike hili: kutohisi kuwa unasogea si dalili kwamba umeshindwa.

Ukikwama, andika kila unachoamini kuhusu swali, hata kilicho wazi kabisa: kwamba namba ni nzima, kwamba mstari hautoki nje ya umbo, kwamba lazima utumie vyombo vyote. Pigia mstari yale tu yaliyoandikwa kwenye swali lenyewe. Yaliyobaki ni yako, uyavunje moja baada ya jingine. Kwenye jiometria, chora umbo upya likiwa limegeuzwa.

Likigoma bado, liache. Lakini usiliache kabla hujalihangaikia vya kutosha, maana mapumziko humfaa zaidi aliyekwisha kulifanyia kazi. Osha vyombo au tembea kidogo. Kazi nyepesi inafaa kuliko kuingia kwenye simu, ambayo itakujazia kichwa mambo mengine. Kwenye mtihani, ruka ufanye swali jingine, halafu urudi kwenye nafasi safi. Ile kazi uliyoanza usiisome tena, itakurudisha kwenye njia ileile.

Na jibu likikujia kwa furaha ile ya ghafla, usiliandike moja kwa moja. Majibu ya namna hiyo huwa sahihi mara nyingi, lakini uhakika huohuo huja hata na jibu la makosa. Weka thamani uliyopata mahali pa x kwenye mlinganyo wa mwanzo, upige hesabu pande zote mbili. Zisipolingana, likate uanze tena.

Mama yako