Kichocheo cha nikeli kimepimwaje?

Mhariri,

Habari za vichocheo rahisi (vitu vinavyoharakisha mmenyuko) "vinavyoishinda platinamu" katika kutoa haidrojeni kwenye maji kwa umeme zimekuwa nyingi. Umeme hupitishwa majini kati ya elektrodi mbili: kathodi hutoa haidrojeni, anodi hutoa oksijeni. Kabla ya kuzipa kichwa kikubwa, waandishi wenu waulize: elektrodi ya pili ilikuwa ya nini?

Mara nyingi kathodi yenye chembe nano za nikeli na molibdeni, au za fosfaidi ya kobalti, hupimwa huku anodi ikiwa waya wa platinamu. Umeme ukipita muda mrefu, platinamu kidogo huyeyuka kwenye anodi, ikasafiri majini na kuganda juu ya kathodi. Mkondo wa umeme unapanda, sifa anapewa nikeli. Kichocheo kinachozidi kuwa kizuri kadiri kinavyotumika kitiliwe shaka kwanza. Anodi ya kijiti cha grafiti, ikitengwa kwa utando, inaondoa utata huo, tena kwa bei ndogo.

Upande wa oksijeni, kinachopotosha kipimo ni chuma. Potasiamu haidroksaidi ya dukani, yaani alkali inayotiwa kwenye maji hayo, huwa na chuma kidogo, nacho hujipenyeza ndani ya haidroksaidi ya nikeli na kuiongezea nguvu sana. Mtafiti Corrigan alilionyesha hili mwaka 1987. Chuma si kosa, maana nikeli na chuma pamoja ni miongoni mwa vichocheo bora kwenye alkali. Ila anayedai kupima nikeli tupu lazima asafishe alkali yake kwanza: aikoroge na unga wa haidroksaidi ya nikeli, unaonasa chuma, kisha auchuje.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Maji huhitaji angalau volti 1.23 kuvunjika. Kichocheo cha nikeli na chuma huhitaji takriban milivolti 250 hadi 300 zaidi ya hapo, lakini kwa miliampia 10 tu kwa sentimita ya mraba, kwenye joto la kawaida. Mitambo ya alkali hufanya kazi kwa miliampia 200 na zaidi, kwa nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, katika alkali ya asilimia 25 hadi 30. Huko mapovu hubandua chembe zilizogandishwa kwa gundi. Afadhali kichocheo kioteshwe moja kwa moja juu ya sponji ya nikeli iliyooshwa kwanza kwa asidi ya haidrokloriki ili kutoa tabaka la oksidi.

Na wapime pia kuzima na kuwasha. Mtambo ukizimwa mkondo hurudi kinyume, na kathodi ya nikeli huoksidika. Kwa umeme wa jua hilo linaweza kutokea kila jioni.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro