Msiuze hizo Datsun za wazee kwa watu wa skrepa

Mhariri, naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na wenzangu wenye magari ya zamani nyumbani, tafadhalini msiyapeleke skrepa. Mimi niko Nakuru, mzee wetu alituachia Datsun 240Z, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1971 na tena 1973 Shekhar Mehta akiwa kwa usukani, na miaka mingi kuku ndio walikuwa wanalala ndani. Sasa tunaitengeneza hapa hapa uani kila Jumamosi, mimi na ndugu yangu na binti yangu wa miaka 13, mama naye anashona viti maana cherehani anayo na macho bado mazuri, Mungu ashukuriwe.

Kutu ndiyo kazi. Pale chini ya betri asidi ilikuwa imekula bati mpaka ukibonyeza kidole kinapita, ikabidi tukate tuchomelee bati jipya halafu msasa, msasa, msasa. Duka moja likatuuzia gaskit (ile ya kuziba maungio ya injini oili isivuje) isiyo ya injini hii ya silinda 6, oili yote ikamwagika, iliniuma sana.

Kabureta, zile za kuchanganya petroli na hewa, ziko 2 na lazima zivute hewa sawa, kwa hivyo binti anaweka bomba la mpira sikioni anasikiliza moja baada ya nyingine huku mimi nageuza skrubu polepole, na juzi akaniambia "baba, sasa zinalia pamoja."

Mhariri, tupeni hata nusu ukurasa kwa mwezi tujuane nani ana spea gani.