Barua kutoka Khon Kaen

Jumapili usiku

Mama Salma, shoga yangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya. Huku Thailand mvua zimeanza lakini joto halijatuachia. Barua yako nimekaa nayo mkobani tangu mwezi uliopita, natafuta la kukujibu kuhusu wanafunzi wako wa kike wa Form Two, uliouliza utawasaidiaje na hiyo tamaa ya simu. Alhamisi nimelipata, tena kwa uchungu.

Tulikuwa mstarini. Saa mbili asubuhi bendera inapanda, wimbo wa taifa, kisha sala. Mwanafunzi wangu mmoja, miaka 15, akaanguka pu! Nilipookota begi lake nikaona vidoli vitano vya Labubu vinaning'inia kwenye zipu, manyoya tele na meno nje, kimoja bado kina lebo ya bei. Tangu Lisa, yule mwimbaji wa kundi la Blackpink, aonekane na hivyo vidoli mwaka 2024, watoto wa huku wamepagawa. Vinauzwa kwenye viboksi vilivyofungwa, hujui umepata kipi mpaka ufungue. Kumbe wiki tatu mtoto hali chakula cha mchana, pesa zinaishia kwenye vidoli!

Na ukutani tumeandika falsafa ya kutosheka, ile aliyoihimiza Mfalme Bhumibol Desemba 1997 baada ya baht, sarafu ya huku, kuporomoka. Duara tatu: kiasi, busara na kinga; masharti mawili: maarifa na maadili. Wanaikariri, wanafaulu mtihani, jioni hao madukani. Inaniudhi sana.

Ijumaa akaja mtawa mzee wa Kibudha anayefundisha dini. Hakuhubiri. Aliweka mezani kiboksi kimoja, hakijafunguliwa, akawaambia wakitazame kimya, kila mtu ausikilize mwili wake. Mmoja akasema mate yanamjaa. Mwingine, vidole vinamwasha. Akawaambia hiyo ni vedana, hisia tu, haina kosa. Ikishageuka "lazima nikipate" ndiyo tanha, tamaa yenyewe, na nyuma yake upadana, kung'ang'ania. Kati ya hisia na tamaa kuna mlango, akasema, mtu akizoea kuuona anaweza kusimama pale.

Halafu akamuuliza yule binti kwa upole: kile cha mwisho ulikifurahia mpaka wapi? Akafikiri. "Mpaka kituo cha basi."

Mama Salma, jibu hilo limeninyima usingizi.

Usihofu, dini yangu ni ileile. Israfu tumekatazwa tangu madrasa, lakini nani aliwahi kutukalisha tuitazame tamaa inavyopanda? Sisemi ni dawa. Kijana mmoja wa darasa langu aliingia utawa mdogo, ule wa vijana wa muda mfupi, likizo ya Aprili: hagusi pesa, hali baada ya saa sita mchana. Anasema mkono ulikuwa unatafuta simu kwenye mfuko ambao joho halina. Wiki aliyorudi nyumbani akaomba viatu vipya. Ila aliomba, akangoja mwezi mzima, mwenyewe akaghairi.

Yule binti sasa nakula naye mchana. Vidoli sijamwambia avitoe. Juzi kimoja hakikuwepo, sikuuliza.

Ungejaribu na wako? Waweke simu moja mezani, imezimwa, wanyamaze tu. Mkuu wako atakuruhusu, au ataona unawapotosha? Wazazi je? Na yule aliyelia kwenye simu ya bweni, anakula vizuri? Umemwangalia sahani yake? Niandikie upesi, hata mistari miwili.

Wako,
Mwanaidi