Mume wa kigeni naye afikiriwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Kifungu cha 11 kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hakutajwa.

Shemeji yangu ni Mmalawi, wanawe watatu wamezaliwa Mbeya. Kibali cha ukaazi kikikaribia kuisha, dada hutoa bahasha ya kaki kabatini, wakaanza kuhesabu ada. Angekuwa kaka ndiye kaoa Malawi, wifi angeshaomba uraia zamani.

Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa jinsia. Wenzetu Kenya, kwenye Katiba ya 2010, waliandika “mtu”, basi. Serikali ipeleke muswada bungeni, kifungu kisomeke “mwenzi”.

Msomaji,
Mbeya